Mafua ya Gitaa Lako, Ramadhani

Ramadhani, rafiki yangu,

Nina miaka sabini na tisa. Bendi yetu imekufa, mimi nipo. Ukumbi tuliopigia umevunjwa, nipo. Lori lililotubeba limeoza, na dereva wake tumemzika, nipo. Mke wangu Mele katangulia, meno ya juu yametangulia yote, na yule daktari aliyeniambia niache tumbaku nilikwenda msibani kwake na tumbaku yangu mfukoni. Mimi nimechongwa kwa mti mgumu, hilo hata maadui wanakubali. Lakini wewe sikukupangia. Wewe ni mdogo wangu, ulitakiwa ungoje zamu. Umenipita mlangoni, Mrangi wee, na hata shikamoo hukuacha.

Naandika mwenyewe. Binti yako Salma alisema, "Baba mkubwa, wewe sema, mimi nitaandika." Nikakataa. Nina darasa la nne na kisomo cha watu wazima juu yake, inatosha kumwandikia mtu aliyetoroka shule kufuata gitaa. Herufi zikipanda mlima zikishuka, wewe fuata tu. Kondoa kwenu ni milima, umezoea.

Siku ya kukuzika nilisimama pale kaburini nikiwa na maneno tele. Nilitaka kukutania kama siku zote, niseme huyu mtu alikuwa mchoyo, alikuwa akila karanga gizani. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Mpiga ngoma mzima, mtu niliyetetemesha mabati kuanzia Mpwapwa mpaka Singida, nikasimama kama gunia. Basi maneno yale ndiyo haya, na mengine yameongezeka, maana kuna jambo limetokea baada yako na lazima ulijue.

Kwanza mji. Ule ukumbi wetu wa bugi, yale madansi ya Jumapili mchana, sasa ni duka la vigae. Niliingia kuangalia. Pale ulipokuwa unasimama na suruali lako la bugaluu linafagia jukwaa pamepangwa masinki ya choo. Kijana muuzaji akaniuliza natafuta rangi gani. Nikamwambia, mimi nimeshacheza hapa kabla baba yako hajaota ndevu. Akasema, "Sawa mzee, tuna punguzo."

Sasa jambo lenyewe.

Salma alitaka siku ya arobaini yako redio ipige ule wimbo wetu, Vumbi Litatulia. Kaseti ilikuwa imebaki moja, ile uliyokuwa unaifunga kwenye soksi. Akaipeleka kwa kijana mmoja wa Nkuhungu, anaitwa Deo, ana studio ndogo na kompyuta, ili aisafishe. Siku chache baadaye akaja kwangu na simu yake. "Baba mkubwa, sikiliza. Imekuwa mpya kabisa, huwezi kuamini."

Nikasikiliza. Ngoma zangu safi, kila mkono unasikika, nakiri nilikuwa hatari. Sauti yako safi. Halafu gitaa likaingia.

Nikamwambia, "Huyu nani?"

"Baba huyo."

"Huyu si baba yako. Huyu kijana wa kwaya."

Akaniangalia vile watoto wanavyotuangalia siku hizi, kama wanapima homa kwa macho. Akadhani akili imeanza kuniaga. Lakini mimi nilijua kilichokosekana kabla wimbo haujafika katikati. Mafua hayakuwapo. Lile gitaa lilikuwa limepona.

Ilibidi nimsimulie, maana kumbe hukuwahi kumweleza sawasawa. Ulikuwa unawaambia watu ile sauti ni vidole vyako. Miaka yote hiyo! Nikamweleza ukweli, na wewe nikukumbushe huko uliko, usije ukawadanganya malaika.

Tulikuwa tunakwenda Kondoa, mara ya kwanza bendi kupiga kwenu. Wewe tangu Dodoma ulikuwa kimya, kwa sababu mama yako alikuwa amekataa kabisa mtoto wake awe mwanamuziki. Hakukugombeza. Alinyamaza tu, mwaka mzima hakutaja gitaa wala bendi, na wewe ulikuwa unasema bora angenipiga. Ule wimbo ulimtungia yeye. Watu wanadhani ni wa mchumba. Waache wadhani.

Kwenye korongo moja lori likaruka, amplifaya ikaruka nayo, ikatua juu ya jiwe. Tulipofika tukakuta karatasi ya spika imechanika, mpasuko wa kupitisha kidole. Ulikaa chini ukashika kichwa. Ukasema, "Mungu kaungana na mama."

Nani aliyekuokoa? Sema. Ni mimi, mwana wa mpiga ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, wa Mvumi. Baba yangu alipokuwa anatengeneza ilimba yake alitoboa tundu kwenye ubao, akaliziba kwa utando wa buibui, ule mweupe unaogandamana ukutani kama karatasi ya sigara. Bila utando ilimba inatoa sauti kama sanduku. Ukiweka utando, kila ukigusa chuma inavuma kama nyuki, inakuwa na roho. Basi nikazunguka nyuma ya nyumba za watu, nikabandua utando kwenye ukuta wa jiko, nikaubandika kwenye ule mpasuko. Ukapiga kelele, "Mgogo, unaniwekea uchawi kwenye gitaa!" Nikakujibu, "Piga, kisha ulalamike."

Ukapiga. Ukainamia spika. Ukapiga tena.

Mchana ule uwanja wa shule ulijaa vumbi na watoto na mashangazi zako. Mama yako hakuja. Alikaa nyuma ya ukuta wa jirani, anachambua mbaazi, tulimwona ushungi tu. Ulipiga Vumbi Litatulia kwa mara ya kwanza mbele za watu, gitaa linalia kupitia puani. Tulipokwenda kumsalimu, akaendelea na mbaazi zake. Kisha akasema bila kuinua macho, "Sauti ni ya mwanangu. Ila hilo gitaa lina mafua."

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi. Maana mama aliyekasirika hakutanii. Ukiona ametania, ameshasamehe. Baadaye bendi kubwa zilikuja na amplifaya mpya za dukani, zikatuuliza hayo mafua mmeyapata wapi. Wakahangaika na nyaya, wakahangaika na vifungo. Wewe ukawaambia ni vidole. Mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mpole. Na kwa sababu walikuwa wanatununulia bia, na wewe hukunywa, nikawa nakunywa zote.

Nilipomaliza kusimulia, Salma hakunipima homa tena. Alisema kitu kimoja. "Kwa hiyo Deo ametoa sauti ya bibi kumsamehe baba."

Twende, nikamwambia.

Deo si mtu mbaya. Ana mke na watoto, alitupokea kwa soda. Alisema alisikia mtetemo kwenye gitaa akadhani ni ubovu wa kaseti, akakesha akiuondoa, aliona anakuheshimu. Nikamwambia, "Mwanangu, umemtibu mgonjwa mpaka amekufa." Tukaomba kaseti. Akainamisha kichwa. Mkanda ulikuwa mkavu kama ganda la kitunguu, ulikatikakatika ndani ya mashine, na alichohifadhi ni kile alichokwisha kukisafisha. Nyingine hakuna. Salma akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji, amenipa mgongo.

Ukisikia uzee una faida, ndiyo siku kama ile. Kijana angelia. Mimi nilikasirika.

Tukaenda kwako, kwa mkeo Hidaya. Amplifaya yako ilikuwa bado uvunguni, juu yake kaweka mabeseni. Nikaipeleka Kizota kwa fundi redio, akaifungua akasema, "Mzee, hii ni ya makumbusho." Nikamwambia hata mimi, tengeneza. Akaitengeneza. Mpasuko wako upo pale pale, lakini utando ulishageuka unga zamani.

Tatizo likawa buibui. Usicheke. Dodoma hii sasa haina buibui! Nyumba zimepigwa plasta, rangi, madirisha ya alumini, wadada wanafagia dari kila Jumamosi kama wanalipwa na shetani. Nimezunguka kwa fimbo yangu kuanzia Majengo, nachungulia kuta za watu, mpaka mama mmoja akaita mgambo. Mji mkuu wa nchi, una treni ya umeme, ukitaka buibui mmoja mwenye kazi yake humpati.

Salma anafanya kazi Hombolo, pale chuoni. Akanichukua. Tukakuta nyuma ya shamba la zabibu tembe moja la zamani, la udongo, paa limebonyea, wanawekea majembe. Nikaingia kwa magoti. Mwenye shamba, Mama Neema, akasimama mlangoni. "Mzee, shikamoo. Unatafuta dawa?"

"Marahaba. Natafuta."

"Ya nini?"

"Ya kurudisha mafua."

Akarudi nyuma hatua mbili. Salma alicheka, Rama. Tangu ulipofariki sikuwa nimemsikia. Na pale juu ya boriti, nikaona utando, umetulia, mweupe.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Niliubandika vizuri, kwa mate, ulegee kidogo kama baba alivyonifundisha. Tulikuwa kwako, mchana, dirisha wazi, Deo kaja na mashine zake. Nikachukua gitaa mimi mwenyewe, nikapiga ule mwanzo wa wimbo. Ninaujua, niliusikia maisha yangu yote. Utando ukavuma. Lakini ulivuma kama bati lenye parafujo iliyolegea. Nikapiga tena. Bati. Miaka hamsini nilikuwa najiambia ile sauti ni utando wangu, wewe ulikuwa unaweka vidole tu.

Salma akanyoosha mkono. "Nipe, Baba mkubwa." Sikujua kama anaweza. Kumbe ulikuwa unamfundisha uani, ukijifanya unakaza nyuzi. Akaweka dole gumba vile, limelala, kama mtu anayefuta jasho. Akavuta.

Nilishika kiti.

Hidaya alikuwa nje anachagua mchele. Tukasikia ungo umetulia. Kisha akasema kwa sauti yake ile ile aliyokuwa akikusemea kila jioni, bila kuja kuangalia, "Salma, mfungie baba yako dirisha. Upepo huo, na mafua yake hayo."

Salma hakuacha kupiga. Machozi yanashuka mpaka kwenye nyuzi na hakukosea hata mahali pamoja, hapo ni mwanao kabisa. Halafu Hidaya mwenyewe akaingia, akasimama, akaona ni nani anapiga. Akajifunika uso kwa kanga. Kisha akafunga dirisha.

Deo akatoa lile gitaa la kwaya, akaweka la Salma chini ya sauti yako. Siku ya arobaini, baada ya dua, tukawasha redio. Wimbo ukaanza. Gitaa likaingia na mafua yake yote, mazito, kama ya mtoto wakati wa kiangazi. Mtangazaji akaukata katikati akasema, "Wasikilizaji mtuwie radhi, tuna hitilafu ndogo ya mitambo."

Rama! Nyumba nzima ililipuka. Hidaya alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shehe mwenyewe alicheka. Mimi niliirushia redio kofia yangu. Salma akapiga simu kuwaambia hakuna hitilafu, wakaurudisha ukaisha wote.

Kwa hiyo nimefikiri, na kwangu kufikiri si jambo dogo. Nakupa nusu. Vidole nusu, utando nusu. Zaidi ya hapo usiniombe, nina jina langu la kulinda.

Sasa lala. Msalimie mama yako, mwambie mafua yamerudi. Msalimie na Mele wangu, mwambie nakula vizuri, asiamini watu. Mimi nakuahidi hivi: utando ule utakauka, tando zote hukauka. Ukikauka nitakwenda Hombolo mwenyewe kutafuta mwingine, kwa magoti, na kabla sijaja huko nitakuwa nimemfundisha Salma kuutambua ukutani na kuubandua bila kuuchana. Gitaa lako halitapona tena.

Kwaheri, Mrangi wangu. Safari hii nimeweza kusema.

Na kama huko kuna mtu atabisha, maana najua una tabia ya kujisifia, muulizeni Hidaya aliyefunga dirisha. Muulizeni fundi wa Kizota. Muulizeni Deo, ingawa bado ana aibu. Muulizeni Mama Neema wa Hombolo, anayeapa mpaka leo kwamba mimi ni mganga, na juzi kaleta kikapu cha zabibu akiniomba nimtibu shemeji yake.

Ni mimi,
Yona, mpiga ngoma.