Tumeshaagwa, Lakini Bado Tupo Sokon

Jumanne, jioni. Mvua haijakata tangu asubuhi hapa mtaani kwetu Sokon, Mlima Meru sijauona kabisa leo, na kichwa changu kiko hivyohivyo, ukungu mtupu.

Sijui nianzie wapi. Labda kwenye mbuzi.

Wiki mbili zilizopita jumuiya yetu ilitufanyia ibada ya kutuaga. Mimi, Baba Naserian na Naserian mwenyewe tulikuwa tunahamia Ujerumani, maana nimepata kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama mkwe wangu, Yeyo, alichinja mbuzi kwake Kisongo. Tukaombewa, tukavishwa vitenge, watu wakalia. Sofa nikampa mdogo wangu. Friji nikamuuzia jirani, Mama Glory.

Tena kwa furaha kabisa. Nani anahama na friji?

Kisha wakala aliyenitafutia hiyo kazi akapiga simu. Mimi niende, kazi inanisubiri. Mume na mtoto watafuata nikishapata nyumba ya kututosha, kwa sababu nitaanzia kwenye chumba kimoja. Bila nyumba hawapewi kibali, na bila kibali mtoto hana bima. Watafuata lini? Hapo kila mtu anakohoa.

Naserian ana miaka tisa, na ana kisukari kile cha kuchoma sindano kila siku. Kumpeleka bila bima siwezi hata kuwaza. Kumwacha nako, mh. Nisipoenda, nafasi anapewa mwingine, na Baba Naserian ni dereva wa watalii, masika yote haya yupo nyumbani anasubiri msimu. Kule nako leseni yake haitoshi mpaka afanye mtihani upya. Kila nikishika upande mmoja, mwingine unaponyoka.

Basi tumekuwa watu walioagwa ambao bado wapo. Dukani napita njia ya nyuma. Insulini ya akiba iko kwenye friji la Mama Glory, yaani lile lililokuwa langu, na nikiifuata nabisha hodi kama mgeni. Jana akaniuliza kwa upole, "Mama Naserian, kwani ndege yenu ni ya lini?"

"Bado kidogo tu, dada."

Akacheka. Hata mimi nikacheka. Yeyo ndiye hazungushagi maneno: "Mimi niliwaaga. Mbuzi ameshaliwa. Sichinji mwingine."

Leo mchana wakala amepiga tena. Anataka jibu kesho. Nikatoka nje, barazani, ili Naserian asisikie, nikawa nabishana na huyo wakala huku mvua inanipigia kelele kwenye bati. Niliporudi ndani, nilimkuta mwanangu mezani kwenye daftari lake la hesabu, amenuna, ameshika kikombe cha maji ya sukari. Baba yake amechuchumaa mbele yake.

"Malizia, mama," anamwambia. "Yote."

Sukari yake ilikuwa imeshuka, na mimi sikuwepo.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Alianza kugombana na penseli. Nikamshika shingo, jasho la baridi. Nikampima."

Akaitazama saa, akasubiri, akampima tena. Imepanda. Akamkatia kipande cha mkate, wakarudi kwenye hesabu zao za kugawanya, wakibishana kama kawaida.

Hakuna aliyeniita.

Nilipaswa kumshukuru Mungu. Wiki mbili nimekuwa nikijiuliza kama hawa wawili wataweza bila mimi, na jibu likawa limekaa pale mezani linakula mkate. Badala yake nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili wasinisikie, nikalia.

Sikulia kwa hofu. Hofu naijua. Kumbe nilikuwa nataka wasiweze. Nilitaka niwaambie watu wote, wakala, Yeyo, jumuiya nzima, kwamba ningeenda, ila mtoto hawezi kubaki bila mama yake. Ingekuwa rahisi kweli. Sasa nitamwambia nani maneno hayo?

Kesho nitamjibu wakala kwamba naenda. Nadhani.

Leo niacheni tu nimwonee wivu mume wangu.