Jina Lililopungua kwenye Salamu Zako

Adelphi, Maryland
18 Oktoba, 1998

Mpendwa mdogo wangu Benadetha,

Natumaini barua hii inakukuta mguu umepoa na unatembea bila fimbo. Baba Laurean je, bado anakohoa? Asiache dawa eti kwa kuwa amepata nafuu. Sisi huku wazima. Baridi imeanza, na wafanyakazi wangu wa usafi sasa wamefika kumi na mmoja. Nilianza na ndoo moja, unakumbuka.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Barua zako tatu za mwisho nimezihesabu salamu. Ya Julai majina manane, ya Agosti manane, ya Septemba tisa. Hata jirani yangu Mkongo umemkumbuka. Laurean hayumo. Mtoto uliyemzaa wewe, anayelala chumba cha pili kutoka hapa niandikapo! Kila barua ikifika huanza kuisoma mwishoni, kwenye salamu. Kisha anairudisha mezani na kusema, "Wote wazima, Mama mkubwa."

Najua ni kwa sababu ya barua aliyokuandikia Juni, kwamba anampenda Cathal, yule kijana wa Ayalandi, wala si urafiki tu. Usidhani mimi niliambiwa uso kwa uso. Nina kinyongo changu.

Aprili yeye na Cathal waliniomba jiko langu wapigie filamu. Siku tatu, watu tisa, wote nikawapikia. Filamu yenyewe ya Kiayalandi, lugha ya akina bibi yake Cathal, ambao shuleni walichapwa kwa kuisema kama sisi tulivyochapwa kwa Kihaya. Cathal akaniambia, "Mama, wewe ndiye mama wa kwenye filamu. Koroga tu, usigeuke. Tukinyamaza, geuka upakue." Nikakoroga. Nyuma yangu Laurean anasema maneno aliyoyakariri wiki nzima, sielewi hata moja. Wakanyamaza, nikageuka, nikapakua ndizi na maharage. Walikuwa wameniwekea sahani moja. Nikamwona Cathal mlangoni, mikono mitupu, nikafungua kabati nikatoa ya pili. Nyumbani kwetu umeona wapi mgeni akasimama kumtazama mwenzake akila?

Mei wakaionyesha ukumbini, watu sabini na watatu. Chini ya picha pana maandishi ya Kiingereza. Ndipo nikasoma alichokuwa akisema mgongoni kwangu: "Mama, huyu ndiye nitakayezeeka naye. Kama hututaki, usitupakulie." Halafu naonekana mimi natoa sahani ya pili. Watu wakalia, Benadetha. Wakanipigia makofi.

Nilikasirika! Miaka minne anakula kwangu, halafu najibu swali mbele ya umati bila kuulizwa. Nje nikamkabili Laurean: "Lugha zote ulizo nazo, ukaona hiyo?"

Akasema, "Kwa Kihaya ulimi uligoma, Mama mkubwa. Kwa Kiswahili nilianza mara sita. Kiayalandi hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kunigombeza nacho."

Nilipofika nyumbani nikaziosha zile sahani, ingawa zilikuwa safi. Ningejua anachosema, ningeiacha ile ya pili kabatini? Nimejiuliza tangu Mei, na jibu halibadiliki.

Sikuombi ufurahi. Padre atasema lake, majirani yao, na mimi siko huko kuyasikia. Hilo najua ni zito kwako. Nakuomba jina moja tu, herufi saba. Halitajaza karatasi.

Nisalimie Baba Laurean, Anitha, Tito na shangazi Domina. Huku Adela wangu anakuamkia. Laurean anasema shikamoo mama. Na Cathal naye anasema shikamoo. Nilimfundisha mwenyewe, mara ya nne ikatoka sawa.

Ukijibu, kumbuka kwamba mwanao huanza kusoma mwishoni.

Mungu akulinde na akupe usingizi mwema.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na ninayekupenda bado,

Leokadia