Mita Iliyokataa Sifuri

Mjukuu wangu Daudi,

Marahaba. Hapa Nzuguni tu wazima. Mama bado anacheka kwamba nimemaliza shule juzi na tayari ninaitwa bibi, kisa dada yangu mkubwa ndiye bibi yako mzaa baba.

Umeniuliza mafundi wanajuaje kama mita ya maji inasema kweli. Nimeliona hilo kituoni ninakojifunza kazi. Mita yetu ilionyesha maji mengi yanakuja Nzuguni, kumbe mabomba ya nyumbani yanatoa upepo, na tukaambiwa tunaiba maji njiani.

Ndani ya bomba kubwa kuna bamba lenye tundu. Vijibomba viwili huleta presha ya mbele na ya nyuma ya bamba, na mita husoma tofauti yake: ikiwa kubwa, maji ni mengi. Fundi Sara alifunga kimoja, akafungua koki inayoviunganisha katikati ili presha ya pande mbili ilingane, kisha akafunga cha pili.

"Haya bibi, sasa isome ngapi?"

Nikanong'ona, "Sifuri."

"Sema usikike, mita haiumi."

Haikushuka hadi sifuri. Chini ya miguu yetu maji yalinguruma, nasi tumeinama tukitafuta sifuri. Sikujua kwamba kipimo cha maji mengi vile huaminika kwa kuanzia pasipo na kitu.

Sara akairekebisha isome sifuri, akarudisha koki kama zilivyokuwa. Maji yakasomeka machache mno. Msimamizi wa kituo akasema, "Nzuguni hawajaiba. Waongezeeni maji."

Wasalimie wote Chemba.

Bibi yako mdogo,
Rehema