Baba, Nyembe Zile Nilinoa Mimi

Baba yangu uliyelala chini ya migomba yetu ya Nkubu,

Nimekasirika. Naanza na hilo ili usidhani hii ni barua ya machozi. Machozi niliyalia tulipokuzika, yakaisha. Hasira ndiyo imebaki, na ninakuandikia mbele za watu kwa sababu ulichonitendea ulikitenda mbele za watu.

Unakumbuka safari yetu ya Siakago? Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na jiwe lako la kunolea nyembe za kinyozi lilikuwa limeanguka likapasuka vipande viwili. Ulisema mawe ya huku kwetu milimani yana matundu, jiwe laini la wembe liko kule chini Mbeere, kwenye mito iliyokauka. Tukatembea juu ya mchanga wa moto tangu asubuhi. Unaokota jiwe, unalimwagia maji, unalisugua kwa ukucha wa kidole gumba, unalitupa. Mimi nilichoka, nikakaa chini, na pale nilipokaa ndipo nikaliona lile la kijivu lenye ukijani kidogo, limelala bapa kama kipande cha ubao. Ulilisugua kwa muda mrefu ukiwa umefumba macho.

"Halina mchanga ndani," ukasema. "Chembe moja tu inaharibu wembe. Hili ni lako, Makena. Ni wewe umeliona."

Wiki nzima tulilisawazisha kwa maji kwenye sakafu ya saruji, mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Kisha ukanifundisha. Wembe wa kukunja unalala bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, unausukuma makali yakitangulia, na ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo. Nilikuwa nakandamiza. Ulinishika mkono ukasema, "Hiyo si panga. Wacha wembe ijibebe." Ulinifundisha kusikiliza pia. Mwanzo jiwe linakwaruza, baadaye linanong'ona, na likinyamaza kabisa, umefika. Halafu ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia. Siku niliyochomoa unywele kichwani mwangu, nikauning'iniza juu ya makali ukakatika wenyewe, ulicheka hadi ukatoa miwani kufuta macho.

Nilikupenda sana siku hiyo. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma hivi.

Mikono yako ilianza kutetemeka. Hukumwambia mtu ila mimi. Kunyoa bado uliweza, kwa sababu ulikuwa ukiegemeza kiwiko kwenye bega la mteja, lakini kunoa kulikushinda kabisa. Kwa miaka tisa, Baba, miaka tisa, nilikaa nyuma ya lile pazia la maua katika kinyozi chako, kile chumba cha kunyolea wateja, nimeweka jiwe juu ya kitambaa chenye maji, nikinoa nyembe zako zote nne, nikizisafisha kwa spiriti na kukupitishia moja moja chini ya pazia. Watu walikuja kutoka hadi Chogoria kwa ajili ya makali yale.

Siku moja Mwalimu Rukaria, yule aliyestaafu, mteja wako wa kila Jumamosi, alipapasa kidevu chake akakuuliza, "Mzee, hizi wembe hunolewa na nani?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenu, mikono imelowa. Nikaacha kunoa ili nisikie.

"Na mimi," ukasema. "Kwani nani mwingine?"

Nilijiambia ni utani wa wazee. Nikaendelea na kazi.

Kisha ikaja ile siku uliyoamua kupumzika. Uliwaita wateja wa zamani, nikachemsha chai, nikapika chapati tangu alfajiri. Nilivaa ile nguo yangu ya bluu. Nilidhani utanitoa nyuma ya pazia. Badala yake ulimsimamisha Murithi, ndugu yangu, aliyekuwa amerudi kutoka Meru mjini na mashine zake za umeme na hajawahi kushika jiwe hata siku moja. Ukampa nyembe zote nne. Ukampa na jiwe. Jiwe langu, Baba. Ukasema, "Huyu kijana ndiye mikono yangu." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai, na ukanigeukia ukasema, "Makena, Mwalimu hana chai."

Nilimmiminia. Hilo ndilo linanikasirisha kuliko yote, kwamba nilimmiminia.

Kesho yake niliondoka, nikaenda Kianjokoma kwa rafiki yangu mwenye saluni, nikawa nasuka wanawake nywele. Hukunipigia simu. Nami sikupiga. Ni Murithi aliyenipigia mwaka jana kabla ya mvua.

"Baba ni mgonjwa," akasema. "Na amekataa kunyolewa na mashine. Amekuwa na ndevu kama nabii. Anakutaka wewe."

"Si wewe ndiye mikono yake?"

"Makena, wewe kuja tu."

Nilikuja. Nikaomba jiwe na wembe. Wembe ulikuwa na kutu hadi kwenye mpini, na jiwe nililikuta kando ya zizi. Walikuwa wamelinolea mapanga na visu vya kuchinjia, limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nililibeba mikononi nikampelekea Murithi. Murithi aliinamisha kichwa akasema hakujua. Namwamini. Hakujua kwa sababu hukumwambia kitu.

Uliniona ukiwa umekaa kwenye kiti chako kwenye veranda. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya saruji nikaanza kulisawazisha upya, mchanga na maji, asubuhi nzima. Nilipoanza kunoa wembe ndipo nikakuuliza, bila kuinua macho, kwa nini uliwaambia ni mikono yako.

"Niliogopa," ukasema. "Mtu akijua ni msichana amenoa ile wembe inapita kwa shingo yake, hangekaa kwa kiti."

"Walikaa miaka tisa."

"Hawakujua."

"Shingo zao zilikatika?"

Nikakupaka povu, nikakunyoa polepole, shavu moja, kisha lingine, kisha pale chini ya koo ambapo ngozi yako ilikuwa imelegea. Ulipapasa uso wote kwa vidole vinavyotetemeka. "Hakuna mahali umekosa," ukasema. Nilingoja neno la pili. Nilingoja siku kumi na mbili nilizokaa pale nikikulisha uji, na halikuja. Ukafa nalo.

Halafu kwenye mazishi, mhubiri akasoma historia yako, kwamba ulikuwa na mikono ya dhahabu ukamwachia kijana wako. Familia ilipoitwa kusema, nilisimama. Nilisema hivi tu: "Nyembe za Baba nilinoa mimi, miaka tisa, nyuma ya pazia. Nilitaka mjue mkiwa pamoja." Ami zangu walinong'ona. Shangazi alinivuta nguo nikae.

Mwalimu Rukaria akainuka kwa fimbo yake. "Ni kweli," akasema. "Nilimwona kupitia ile pazia. Nilijua tangu zamani."

Watu waliona ni jambo zuri, wakaniangalia kwa huruma. Mimi nilizidi kukasirika. Alijua, akanywa chai yangu, akapiga makofi.

Murithi alinifuata jioni hiyo akanipa jiwe na nyembe. "Mimi nilipewa kitu haikuwa yangu," akasema. Huyo nimemsamehe.

Sasa nina kinyozi changu hapa Kianjokoma, chumba kimoja, na jina langu nimeliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Jiwe liko juu ya meza mbele ya dirisha, na ninanoa watu wakiniona. Mteja wa kwanza alipojua ni mimi nitakayemnyoa, aliinuka akasema amesahau kitu. Wa pili alicheka akaenda. Wa tatu alikuwa mzee mkulima wa kahawa, mchovu, ametoka shambani. Aliniangalia nikipitisha wembe juu ya jiwe mpaka likanyamaza. Kisha akakaa, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho.

Pumzika, Baba. Sijakusamehe, na sitasema nimekusamehe ili watu wapendezwe. Lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi shingoni mwa yule mzee, na wepesi huo nilifundishwa na wewe. Hilo nitamwambia yeyote atakayeniuliza.

Ni mimi binti yako, niliyenoa,
Makena