Siri ya Kuinuka Kigodani

Aikande mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika huku Kilema. Ukungu bado umelala migombani, na babu yako anakohoa kidogo tu.

Unaogopa nitaanguka, unauliza nainukaje kigodani na goti hili. Nilipokuwa msichana nilipenda kumtazama bibi yangu akimaliza kukamua. Alisogea ukingoni, akavuta miguu nyuma, akaweka mikono mapajani, kisha akainama mbele kabisa, kama anamnong'oneza ng'ombe. Ndipo akainuka taratibu, akatulia kabla ya kupiga hatua. Nilidhani yeye na ng'ombe wana siri yao.

Sasa nami nikimaliza kukamua huinama hivyohivyo, na mwili huinuka kama umeitwa. Jana ng'ombe alinigeuzia sikio, akangoja.

Nikamtajia jina lako.

Bibi yako