Kikwembe ya Baba Kule Bruges

Kikula, siku ya Yenga, kisha misa

Arlette mwana wangu,

Picha za matembezi yako ya siku mbili kule Bruges zilifika. Miye nilizionyesha watu wa avenue yote! Jirani Hortense akacheka: "Nani anavaa kikwembe ya kilio mu promenade?"

Nikamujibu: "Angalia ule munara nyuma yake. Ni ule wa ku kalenda ya marehemu bwana yangu, yenye iko ku ukuta. Miaka yote alitamani kuuona. Mutoto alikosa karatasi za kusafiri, hakufika kumuzika, basi nilimutumia kikwembe yenye tulivaa sisi wote siku ile. Sasa, na ile kikwembe, amemupeleka baba yake kule."

Hortense akaniomba picha moja.

Usiniombe pardon tena juu ya kukosa maziko, mwana wangu. Ku kilio ya baba yako ulifika.

Mama yako mwenye kujivuna,
Rosalie