Uwanja wa Katiba, Si Mraba

Nateete, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje tangu uanze ile dawa ya matone? Najua dada Mwanahamisi ndiye anayekusomea. Dada, usiruke mstari hata kama mwandiko wangu umeharibika. Mimi ni mzima. Mwezi uliopita kifua kilinibana kwa harufu ya rangi, sasa kimeachia. Mvua ya huku haina msimu kama ya Muheza, inanyesha inapojisikia, na mabango yetu yanakauka kwa shida.

Nakuandikia kwa sababu nusura nifukuzwe kazi, na sitaki ulisikie jambo hili kwa mtu mwingine.

Unajua niko kwenye karakana ya mabango ya Hajati Zaituni. Ni Mnubi, babu yake aliletwa huku enzi za ukoloni akiwa askari kutoka Sudani. Kiswahili amekikuta nyumbani kwao, ila ni Kiswahili cha huku. Mpaka leo ananiita Sarehe badala ya Salehe. Hivi karibuni tulipata kazi kubwa ya mabango manane ya ramani ya mji, kwa ajili ya wageni wanaotoka kwetu na Kenya. Aliyeileta ni kijana mmoja wa kampuni ya watalii, Bwana Opio, na maneno yote alikuwa ameyatafsiri yeye. Nilipofika katikati ya ramani, penye ule uwanja wa zamani ulio mbele ya Mahakama Kuu, nikakuta ameandika: MRABA WA KATIBA.

Nikaweka brashi chini.

"Bwana Opio, hapa siandiki mraba. Ni Uwanja wa Katiba."

"Uwanja ni wa mpira," akasema. "Au wa ndege. Kwa Kiingereza ni skwea, na skwea ni mraba. Angalia kamusi."

"Kamusi haijakosea, lakini mraba ni umbo, lile tulilochora kwa rula darasa la nne. Watu hawakutani ndani ya umbo."

Akakasirika, akasema atayapeleka mabango yote kwa fundi mwingine. Hajati akanivuta pembeni. "Wewe Sarehe, andika tu. Mutu ya kusoma atajua. Ukikataa, chukua nguo yako, rudi kwenu."

Baba, niliogopa kukosa hata pa kulala. Chumba ninacholala kiko nyuma ya karakana hiyohiyo. Lakini nilikumbuka lile bango lako la zahanati, mteja alipokulazimisha uandike WAGOJWA bila N, na jinsi ulivyokuwa ukigeuza uso kila tulipopita pale. Nikamwomba Hajati anipe mpaka kesho yake mchana. Nitampeleka Opio uwanjani, nikamwambia. Tukisikia hata mtu mmoja anapaita mraba, nitaandika, kisha nitafunga mzigo wangu bila kusukumwa.

Asubuhi tukaenda. Pale tulimkuta mpigapicha, Mama Akello, aliyekulia kambini kwa kuwa baba yake alikuwa askari wa kaskazini. Nikamwamkia, nikamuuliza mahali pale panaitwaje.

"Siti Skwea," akajibu. "Watu yote nasema Siti Skwea. Katiba ni jina ya kuandika. Ukiambia boda akupeleke Katiba, atakuuliza iko wapi."

"Na kwa Kiswahili?" Opio akauliza.

"Baba alikuwa nasema kiwanja. 'Vaeni viatu, twende kiwanja ya mji.'"

"Hakusema mraba?"

Mama Akello alicheka mpaka kamera ikamgonga kifuani. "Mraba? Hiyo ni ya mwalimu ya hesabu!"

Nilimweleza Opio kwamba uwanja ni mahali palipo wazi, pasipo mlango wa mtu, ndiyo maana neno hilo linakaa vizuri na katiba, ambayo nayo ni ya kila mtu. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, akashika kichwa.

"Kiswahili changu nimejifunza kwa mjomba askari," akasema baadaye. "Najua kaa, simama, geuka nyuma. Bosi nilimwambia nakijua chote. Nikisema nimekosea, sina kazi."

Hasira zikaniisha. Nikamwambia kuwa mimi pia nilipofika nilidai najua mabango ya taa, nikaunguza mawili ndani ya wiki moja. Nilikataa kumsaidia kuficha, ila nilimwahidi kwamba akisema ukweli, mabango yote tutayapitia pamoja, neno kwa neno. Na kazi ilikuwepo! Vyoo alikuwa ameviita Vyumba vya Kupumzikia. Nikamwambia mgeni ataingia na mkeka.

Opio aliposema ukweli, bosi wake alimfokea mbele ya watu, lakini hakumfukuza. Sasa kila bango linasema UWANJA WA KATIBA kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo: Wenyeji husema Siti Skwea. Moja nililisimamisha mwenyewe huko Kansanga, mtaa mwingine wa Kampala. Hajati hakuniomba radhi, si mtu wa maneno hayo. Alinitupia tu karatasi za kazi mpya akasema, "Soma wewe kwanza. Kama ni mbaya, sema."

Dada ameniambia unataka nirudi nyumbani nikapake rangi magari. Baba, nisamehe, sirudi sasa. Siku ile nilikuwa tayari kupoteza kila kitu kwa neno moja, na sijutii. Nataka kukaa hapa mpaka mtu wa Kampala akitaka kuandika Kiswahili ukutani aulize kwanza fundi Salehe yuko wapi.

Mpe mama salamu zangu, mwambie hina aliyonipa bado ninayo. Nisalimie mjomba Shabani wa baiskeli, na shemeji, mume wa dada Mwanahamisi. Niombee dua, na usisome kwenye mwanga hafifu.

Mwanao asiyekusahau,
Salehe